Namna ya Kuisoma Picha ya Rangi za Maji ya Watoto Bustanini kutoka Enzi za Malkia Victoria

Mtoto wa kike amesimama kwenye lango dogo la mbao. Aproni yake nyeupe ni safi kana kwamba imeanuliwa kambani asubuhi ile, na nyuma yake maua marefu yamepanda hadi usawa wa dirisha la nyumba iliyoezekwa kwa mabua ya ngano. Picha za namna hii zilichorwa kwa wingi nchini Uingereza wakati wa utawala wa Malkia Victoria, yaani kati ya mwaka 1837 na 1901, na hadi leo huchapwa kwenye kadi na kalenda. Wengi huzitazama kidogo, wakasema ni nzuri, wakapita. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayetaka kukaa nazo zaidi, awe mwalimu wa sanaa, mwanafunzi, mchoraji anayejifunza, au msafiri aliyepata nafasi ya kuingia katika jumba la makumbusho. Hatua zilizomo ndizo ninazozifuata mimi mwenyewe, na ninaamini kwamba anayezifuata kwa utaratibu huu ataona mambo mawili kwa wakati mmoja: ustadi mkubwa wa mkono, na uchaguzi mzito wa mambo yaliyoachwa nje ya karatasi.

Nitawatumia wachoraji watatu kuwa mifano. Wa kwanza ni Myles Birket Foster, aliyezaliwa North Shields mwaka 1825 na kufariki mwaka 1899. Wa pili ni Kate Greenaway, mzaliwa wa London mwaka 1846, ambaye umaarufu wake ulitokana zaidi na vitabu vya watoto, na aliyefariki mwaka 1901. Wa tatu, ambaye ndiye ninayempenda kuliko wote, ni Helen Allingham, aliyeishi kuanzia mwaka 1848 hadi 1926 na ambaye mwaka 1890 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa uanachama kamili katika chama cha kifalme cha wachoraji wa rangi za maji. Foster na Allingham waliishi katika kijiji kimoja, Witley, kwenye jimbo la Surrey kusini mwa London, na Greenaway alikuwa rafiki wa Allingham. Kwa hiyo tunapozungumzia bustani hizi tunazungumzia watu waliojuana na mandhari iliyo mahali hasa kwenye ramani.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba unachokitazama ni mchoro wa mkono

Kazi za wachoraji hawa zilinakiliwa mno, na fremu nyingi za zamani zenye picha za aina hii zimebeba chapa tu. Chukua lenzi ya kukuzia, uiweke juu ya uso wa mtoto au juu ya ukingo wa jani. Chapa ya mashine ya siku hizi itakuonyesha nukta zilizojipanga kwa safu, ilhali chapa ya rangi ya karne ya 19, iliyochapwa kwa mabamba ya mawe, itakuonyesha vitone vya rangi mbalimbali vilivyolaliana bila kulifuata umbo la kitu. Mchoro wa mkono, kinyume chake, una mistari inayolifuata jani, inayozunguka shavu, na inayokoma pale brashi ilipokaukiwa rangi.

Usiridhike na saini peke yake. Foster alitia alama ya herufi B na F zilizounganishwa, na kwa kuwa picha zake ziliuzika sana, alama hiyo ilighushiwa mara nyingi. Jambo la kuaminika zaidi ni mkono wenyewe, nao ndio unaotupeleka kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya pili: Ikaribie karatasi

Hii ndiyo hatua ninayoitumia muda mrefu kuliko zote, kwa sababu hapa ndipo furaha iliyomo ndani ya picha inapoonekana kuwa kazi ya saa nyingi.

Anza na vifaa. Rangi ya maji ni unga laini wa rangi ulioshikanishwa kwa gundi itokayo kwenye miti ya jamii ya mgunga, ambayo Sudan imekuwa mzalishaji wake mkubwa. Mchoraji wa kizazi kilichotangulia alilazimika kusugua kipande kigumu cha rangi kwenye maji kwa muda mrefu kabla ya kuanza kazi. Mwaka 1835 kampuni ya Winsor & Newton ilitoa vipande laini vilivyotiwa glisarini, ambavyo vililowana mara tu vilipoguswa na brashi, na mwaka 1846 ikatoa rangi za maji ndani ya tyubu. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo, lakini ndiyo yaliyomwezesha mchoraji kubeba kijisanduku, akaketi bustanini na kufanya kazi mbele ya ua lenyewe badala ya kulikumbuka akiwa nyumbani.

Kifaa kingine cha kuzingatia ni rangi nyeupe. Nyeupe ya madini ya risasi iliyotumika zamani ilikuwa na kasoro kubwa, kwani hewa chafu iliweza kuigeuza kuwa nyeusi. Mwaka 1834 kampuni hiyohiyo ilileta nyeupe iliyotengenezwa kwa oksidi ya zinki, ambayo haigeuki hivyo, na hapo wachoraji wakagawanyika katika njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya Foster. Alipokuwa kijana alifundishwa kazi na Ebenezer Landells, fundi wa kuchonga picha kwenye vipande vya mbao kwa ajili ya kuchapa vitabuni, na kazi hiyo humzoeza mtu kujenga kila kitu kwa mistari mifupi iliyobanana. Alipohamia kwenye rangi za maji alikuja na mazoea hayo. Tazama nyasi zake, mawingu yake, hata mashavu ya watoto wake: vyote ni vitone na mikwaruzo midogo ya brashi iliyo karibu kukauka, juu ya nyeupe nzito inayoizuia karatasi isinywe rangi. Matokeo yake ni mng'ao unaofanana na wa kito, na kila kitu huonekana kwa ukali uleule, kilicho mbali na kilicho karibu.

Njia ya pili ni ya Allingham, ambaye aliikwepa nyeupe nzito na kuiachia karatasi yenyewe iwe mwanga. Alipotaka ua jeupe mbele ya kichaka cheusi, alichora kichaka kwanza, kisha akakwangua rangi kwa kisu chenye ncha kali hadi weupe wa karatasi ukarudi. Mahali pengine alifuta kwa sponji au akasugua kwa brashi ngumu. Mbinu hiyo inahitaji karatasi imara iliyotengenezwa kwa matambaa ya kitani, maana karatasi dhaifu huchanika inapoguswa na kisu.

Ili kuzitofautisha njia hizi mbili, omba picha itazamwe kwa mwanga unaotoka upande. Nyeupe nzito itajitokeza juu ya uso wa karatasi na kutupa kivuli chembamba, ilhali palipokwanguliwa pataonekana nyuzinyuzi za karatasi zilizosimama kama manyoya. Ikiwa uko makumbusho, usiishike wala kuiinamisha mwenyewe, bali mwombe mhudumu wa chumba cha kusomea. Jumba la Victoria and Albert na lile la British Museum, yote ya London, yana vyumba vya kusomea ambamo michoro ya karatasi huletewa wageni walioomba mapema, na nyumba ya Burgh House iliyoko Hampstead ina mkusanyiko mkubwa wa kazi za Allingham.

Hatua ya tatu: Rudi nyuma, utafute mwanga na mipaka

Baada ya kukaribia, simama umbali wa hatua mbili au tatu. Sisi tuliozoea jua la utosini, ambalo hukata kivuli kwa makali ya kisu, tutagundua upesi kwamba bustani hizi zina vivuli dhaifu sana. Anga ni la kijivu hafifu au la buluu iliyochujuka, na mwanga umeenea sawa kila mahali. Huo ni mwanga halisi wa majira ya joto ya Uingereza siku yenye mawingu mepesi, lakini pia ni uamuzi wa mchoraji, kwa kuwa mwanga wa aina hiyo haufichi kitu na wala hautishi.

Kisha fuatilia mipaka. Kiswahili kinatusaidia hapa kwa namna ya pekee, kwa sababu neno letu ua ni chanuo la mmea na pia ni uzio na kiwanja kinachozungukwa na uzio huo, na picha hizi haziachi kamwe kuchora vyote viwili pamoja. Mtoto yuko ndani ya wigo wa miti iliyokatwa vizuri, au yuko langoni, mkono ukiwa juu ya ubao wa lango, akitazama njia bila kuivuka. Pima ni sehemu gani ya karatasi imepewa anga. Mara nyingi ni ndogo, maana mimea na nyumba vimelijaza jicho hadi juu, na hivyo mtazamaji naye hujikuta amezingirwa na kulindwa.

Hatua ya nne: Taja mimea kwa majina

Usiseme tu kwamba kuna maua. Yale marefu yenye maua mapana yaliyopangana kwenye shina moja, yanayopandwa karibu na ukuta, ni ya jamii moja na mbamia na mhibiski, na huchanua kuanzia katikati ya majira ya joto. Waridi hufunguka sana mwezi Juni. Maua madogo ya manjano yaliyofifia kwenye kingo za vichaka ni ya mwezi Machi hadi Mei. Ukiijua miezi, utaweza kusema picha imewekwa katika majira gani, na utagundua iwapo mchoraji ameyachanganya maua ambayo hayachanui pamoja. Kwa Allingham utaona pia kabichi na mboga nyingine zikiwa bega kwa bega na maua, jambo ambalo ni la kweli kabisa, kwa kuwa bustani ya mkulima wa kawaida ilikuwa kwanza ya kulisha familia.

Hatua ya tano: Watazame watoto kama watu

Anza na mavazi. Watoto wa Greenaway wamevaa magauni yenye kiuno cha juu chini ya kifua, kofia pana zilizofungwa kwa utepe chini ya kidevu, na makoti marefu ya wavulana, lakini hayo hayakuwa mavazi ya miaka ya 1880. Ni mtindo wa kuelekea mwaka 1800, zama za mababu wa watoto hao. Mama yake Greenaway alikuwa mshonaji mwenye duka, na Greenaway mwenyewe alishona nguo hizo ili watoto waliokaa mbele yake kuchorwa wazivae. Kitabu chake cha kwanza chenye mafanikio makubwa, kilichotoka mwaka 1879 kwa ufundi wa mchapaji Edmund Evans, kilichapwa nakala 20,000 kwa mara ya kwanza na zote zikaisha. Baada ya hapo mambo yaligeuka kwa namna inayonishangaza kila ninapoifikiria: wazazi walianza kuwavisha watoto wao nguo zilizoigwa kutoka kwenye picha. Mchoro uliobuniwa kwa kuukumbuka wakati uliopita ukawa kielelezo cha maisha ya watoto waliokuwa hai.

Kwa Allingham mavazi ni ya wakati wake, na baadhi ya watoto waliomsaidia kwa kukaa mbele yake walikuwa watoto wake mwenyewe, kwani yeye na mumewe, mshairi William Allingham, walijaliwa watoto watatu. Labda ndiyo sababu migongo ya watoto wake huinama kwa uzito wa kweli wanapombeba mdogo wao.

Angalia sasa mikono. Je, imeshika nini? Mara nyingi ni shada la maua, kikapu, mwanasesere, au mkono wa mtoto mwingine. Pale panapoonekana kazi, ni kazi nyepesi ya kumtazama mdogo au kulisha kuku. Angalia miguu, ambayo mara nyingi imezama kwenye nyasi. Angalia macho: wanatazama chini, wanatazamana, au wanatazama mbali, na ni nadra kumtazama moja kwa moja mtu aliye mbele ya picha. Mtoto asiyekutazama hakuombi kitu wala hakulaumu, na hapo ndipo penye sehemu kubwa ya utulivu unaousikia.

Hatua ya sita: Uliza nini kiko nje ya lango

Hatua hii ina maumivu yake, na naomba isirukwe. Chukua mwaka wa picha uuweke kando ya mambo yaliyokuwa yakitokea nchini humo. Sensa ya mwaka 1851 ilionyesha kwamba watu wa mijini walikuwa wamewazidi wa vijijini, kwa hiyo wengi walionunua picha hizi waliishi palipo na moshi wa viwanda. Mwaka 1842 ndipo sheria ilipokataza wavulana walio chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi katika migodi ya makaa ya mawe. Mashambani kwenyewe, katika mandhari ileile ya nyasi na wigo, watoto walikusanywa kwa makundi ya vibarua wa kung'oa magugu na kuokota mawe, hadi sheria ya mwaka 1867 ilipozuia makundi hayo kuajiri walio chini ya miaka 8. Elimu ikawa ya lazima kwa watoto wa miaka 5 hadi 10 mwaka 1880 tu. Kati ya watoto 1,000 waliozaliwa, takriban 150 hawakutimiza mwaka mmoja. Kwa hiyo wako wazazi wengi waliotundika ukutani picha ya mtoto mwenye afya bustanini huku wakiwa wamemzika wa kwao, nami siwezi kuwalaumu kwa kuitamani picha hiyo.

Nyumba nazo zina habari yake. Allingham alihuzunishwa na nyumba za kale za Surrey zilizokuwa zikibomolewa au kukarabatiwa kwa namna iliyoziondolea sura, na mwaka 1886 alifanya maonyesho mjini London yaliyohusu nyumba hizo. Alipokuta dirisha jipya limewekwa, aliweza kulirudishia katika mchoro umbo la zamani, lenye vioo vidogovidogo vilivyoshikwa kwa risasi. Reli ya kutoka London kuelekea Portsmouth ilipita Witley tangu mwaka 1859, nayo ndiyo iliyoleta wakazi wapya na pesa mpya, wakiwamo wachoraji wenyewe. Itafute reli hiyo katika bustani zake, hutaipata. Andika kwenye daftari lako orodha ya vitu visivyokuwamo: moshi, matope, mtoto mgonjwa, baba anayerudi amechoka, unyevunyevu chini ya paa lile la mabua. Orodha hiyo haiupunguzi uzuri wa mchoro hata kidogo, ila inakuonyesha kwamba uzuri huo ulichaguliwa kitu kwa kitu.

Hatua ya saba: Irekebishe rangi akilini mwako

Huenda unachokiona si kile alichokiona mchoraji. Mwaka 1888 wataalamu wawili, Russell na Abney, walitoa ripoti kwa serikali ya Uingereza iliyoonyesha kwamba rangi nyingi za maji huchujuka zikikaa kwenye mwanga, hasa penye hewa na unyevu. Nyekundu ya kamini hutoweka, nili hufifia, na manjano za mimea huondoka zikiacha majani yawe ya buluu. Mashavu yaliyopauka ya mtoto huenda yalikuwa mekundu kwa afya. Kama picha ina kadibodi ya kuizungushia, ukingo uliofichwa chini yake ndio utakaokuambia ukweli, na anayepaswa kuifungua ni fundi wa karatasi. Kwa sababu hiyo majumba ya makumbusho huziweka picha hizi kwenye mwanga hafifu wa takriban lukzi 50 tu (lukzi ni kipimo cha mwanga) na kuzirudisha gizani baada ya miezi michache. Nyumbani, usizitundike ukutani panapopigwa na jua.

Hatua ya nane: Chora kipande chako mwenyewe

Mkono hufundisha kisichofundishwa na macho. Chagua sehemu ndogo tu ya mchoro, sentimita 10 kwa 10, yenye wigo, lango na aproni ya mtoto. Tumia karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, iloweshe, uigandishe kwenye ubao kwa utepe wa gundi, uiache ikauke na kukaza. Rangi nne zinatosha: buluu ya kobalti, manjano ya udongo, waridi isiyochujuka, na nyekundu ya kutu ya chuma.

Chora mistari kwa penseli bila kuikandamiza. Iache aproni wazi kabisa tangu mwanzo. Paka anga na wigo kwa tabaka jepesi lenye maji mengi, ungoje likauke hadi karatasi isiwe baridi ukiigusa kwa upande wa nyuma wa kidole, kisha paka tabaka la pili kwenye sehemu za giza tu. Baada ya hapo chukua brashi nyembamba, ikaushe kwenye kitambaa, na ujenge majani kwa vitone na mikwaruzo mifupi inayofuata uelekeo wa kila tawi. Kipande hicho kidogo kitakuchukua mchana mzima, na utakapohesabu ukubwa wa picha nzima ya Foster utaelewa alichokuwa akikifanya. Kivuli cha aproni kifanye kwa buluu iliyochanganywa na chembe ya nyekundu ya kutu, hafifu sana, kwenye mikunjo tu.

Kazi ya kisu iwe ya mwisho. Subiri hadi kesho yake, karatasi ikiwa kavu kabisa, kisha kwa ncha ya wembe mpya kwangua mahali ambapo ua jeupe litasimama mbele ya wigo, kwa mguso mmoja mfupi, bila kurudia.